Mpaka Kitabu cha Mheshimiwa Kiishe

4 Februari

Mpwa wangu, Profesa wa cherehani,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili, mmoja hautoshi. Mimi mjomba wako ni mzima. Mwili umepungua kidogo, lakini ni kwa sababu akili imeongezeka na vyote viwili havikai nyumba moja. Dada hajambo? Mguu wake wa kulia bado unatabiri mvua? Msalimie sana, mwambie mdogo wake amekuwa mtu mkubwa.

Na hiyo ndiyo habari yenyewe. Mimi sasa ni katibu. Ndiyo, mimi! Miaka mitatu nimefuta vumbi kwenye nyumba hii, kumbe nilikuwa nakifutia njia cheo changu. Mwenye nyumba, ambaye kila mtu humwita Mheshimiwa ingawa alistaafu zamani nikiwa bado na nywele, anaandika kitabu cha maisha yake. Mikono inamtetemeka, kalamu hashiki. Walikuja wasomi watatu wenye digrii, akawatimua wote. Mimi niko kwenye kona na kitambaa changu. Akaniita, "Wewe, andika jina langu." Nikaliandika kwa ule mwandiko wangu wa kulala, ambao hata mwalimu aliyenifukuza shule aliusifu kwenye barua ya kunifukuza. Mheshimiwa akautazama, akasema, "Huyu." Basi. Yeye anasema, mimi naandika, asubuhi hadi saa kumi jioni. Kisha namwogesha, maana katibu wa kweli hafanyi kazi nusunusu.

Simu zetu zinakaa getini. Mheshimiwa anaogopa waandishi wa habari watamwibia maisha yake kabla hayajachapwa. Ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu kama watu wastaarabu, na dereva anapeleka posta akikumbuka.

Kuhusu kuja nyumbani, msiwe na wasiwasi. Pasipoti yangu Mheshimiwa ameihifadhi kwenye kabati lake la chuma, kwa usalama tu. Tumekubaliana: kitabu kikiisha, ananikabidhi. Tuko sura ya tisa na yeye ana miaka themanini na mmoja, kwa hiyo maisha yenyewe hayajabaki mengi. Weka Aprili.

Huko karakana mnasoma maisha ya nani siku hizi? Mimi namsomea Mheshimiwa kitabu cha jaji mmoja, rafiki yake. Jaji huyo hajawahi kukosea tangu azaliwe. Nikifika ukurasa wa kumi nasinzia, Mheshimiwa ananiamsha kwa fimbo, lakini kwa upendo.

Mimi mjomba wako,
Katibu.


27 Februari

Shikamoo Mjomba Katibu,

Sisi tunaendelea. Mguu wa mama umeacha kutabiri mvua, sasa unatabiri wageni, na haujapatia hata mmoja.

Karakana tuko saba kama zamani, tunashona sare za shule, na utaratibu wetu ni uleule. Mmoja anakaa juu ya meza ya pasi anatusomea kwa sauti, sita tunashona, na vipande vyake tunagawana ili kazi yake ya siku isipungue. Sasa hivi tuna kitabu cha mkunga mmoja aliyejiandikia maisha yake mwenyewe. Mjomba, hicho ndicho kitabu! Kurasa sitini za mwanzo ni utoto mtupu na hakuna aliyetaka uishe. Mama Vifungo, unamjua, yule anayetia vifungo na maneno, amejidunga sindano mara mbili kwa kusikiliza. Alisema, "Huyu mwanamke hajipaki poda. Anakwambia na alivyoogopa. Jaji wa mjomba wako mwache akasomwe na mahabusu." Kitafute.

Jambo la pili mama amenikataza kuliandika, kwa hiyo naliandika haraka kabla hajarudi kutoka kwa jirani. Macho yake yanakufa. Si mtoto wa jicho, huyo anaondolewa. Daktari anasema ni mshipa wa ndani, na dawa ya matone inachelewesha tu. La kushoto limeshakwenda. La kulia huenda likafika mwisho wa mwaka, huenda lisifike. Mama hakulia. Tulipotoka nje aliuliza swali moja tu: "Mdogo wangu anarudi lini?"

Ni miaka kumi na moja, Mjomba. Anataka kukuona. Namaanisha kuona.

Mpwa wako.


30 Machi

Mpwa wangu mpenzi,

Barua yako imesafiri kuliko mimi. Dereva aliisahau chini ya kiti wiki mbili, nikamkuta anaikalia. Hapa hatujambo. Mheshimiwa amepata meno mapya, na mimi nimepandishwa daraja: sasa nakula mezani, ingawa ni meza ya jikoni.

Kuhusu macho ya dada, madaktari wanapenda kutisha watu. Dada alikuwa ananiona naiba sukari huku amenipa mgongo. Macho ya namna ile hayafi ovyo. Tuendelee.

Kitabu cha mkunga! Nilimsifia Mheshimiwa, na unajua mimi nikisifu kitu mpaka chenyewe kinaona haya. Akamtuma dereva akinunue siku hiyohiyo. Nikamsomea siku tatu, kimya, hata fimbo haikusogea. Siku ya nne akauliza:

"Utoto wa huyu mama ni kurasa ngapi?"

"Sitini, Mheshimiwa."

"Na wangu?"

"Mbili. Na moja ni picha."

"Mkunga anishinde mimi utoto? Rudi mwanzo."

Tukarudi mwanzo. Shida ni kwamba hakumbuki kitu. Anakumbuka tu kwamba alikuwa wa kwanza darasani, na hilo linajaza mstari mmoja. Siku mbili tukakaa tunatazamana kama watu wanaongoja kinyozi. Basi nikamsaidia. Nikampa kipande cha utoto wangu, kidogo tu: ile siku barabara ilipofurika, dada akanibeba mgongoni mpaka shuleni, maji yanamfika kifuani, na mimi huko juu nimenyanyua viatu kama bendera. Nikamwambia, "Huenda na wewe, Mheshimiwa, uliwahi kubebwa." Akafumba macho. "Ndiyo," akasema. "Ndiyo! Dada yangu. Maji yalikuwa ya baridi."

Hana dada, mpwa wangu. Alizaliwa peke yake. Lakini kesho yake alikuwa ananieleza mpaka rangi ya viatu.

Zimetoka kurasa hamsini na nane, na kwa utamu zinamzidi mkunga, nasema bila kujisifu. Tumechelewa kidogo tu. Weka Juni. Mmeanza kipi kingine?

Mjomba.


22 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Sisi tupo. Barua yako nilimsomea mama, maana sasa herufi zinamkimbia. Alicheka kwenye meno ya Mheshimiwa. Tulipofika kwenye mafuriko aliacha kucheka. Akasema, "Mgongo ulikuwa wangu na mzigo ulikuwa yeye. Huyo mzee simjui. Mwambie amteremshe." Akaondoka kwenda kulala, anapapasa ukuta.

Hukuuliza jicho la kulia linaendeleaje, kwa hiyo nakwambia bila kuulizwa: anamimina chai nje ya kikombe.

Umeuliza tunasoma nini. Ni maisha ya mwanariadha mmoja. Alishinda mara nyingi, lakini hayo ameyapitia mbiombio kama mtu anayeruka madimbwi. Sura ndefu kuliko zote ni ya siku aliyoongoza mpaka hatua ishirini za mwisho, akaanguka. Ukurasa baada ya ukurasa, yuko chini, anasikia miguu ya wenzake ikimpita. Mashine zote sita zilinyamaza. Msimamizi akaja mbio akidhani umeme umekatika. Mama Vifungo akamwambia, "Kaa chini bwana, kuna mtu ameanguka."

Juni ni Juni kweli?

Mpwa wako.


9 Juni

Profesa wangu,

Natumaini barua hii inawakuta mmeshiba na mnacheka. Mimi nipo. Chumba changu kina dirisha linaloangalia ukuta. Ukuta mzuri, umepakwa rangi juzijuzi. Umwambie dada namuota, na kwenye ndoto bado ananigombeza.

Yule mwanariadha nilimwambia Mheshimiwa. Najua. Najua! Mdomo wangu hauna mlango. Lakini mtu akikaa kutwa anaandika "nilishauri, nikasikilizwa, nikapongezwa", akipata kitu kizuri anakitoa hata akiwa usingizini. Kikanunuliwa, nikakisoma. Mheshimiwa akasema, "Sisi hatuna kuanguka."

Nikadhani nimepata njia ya kumaliza. Nikasema, "Mheshimiwa, wewe hukuwahi kuanguka."

"Basi watasema naongopa. Nitafutie kuanguka. Kuzuri."

Siku kumi tunatafuta. Mwisho nikampa ule mgahawa wangu. Mnaukumbuka, ule niliowaandikia, wa meza ishirini na mpishi mwenye kofia ndefu? Ulikuwa na meza tatu. Mpishi nilikuwa mimi, na kofia sikuwa nayo. Ulifungwa kabla msimu mmoja wa mvua haujaisha. Usimsomee dada kipande hiki. Sasa ni wa Mheshimiwa, ana kurasa arobaini za kufunga mgahawa kwa heshima, na anazipenda kuliko kazi zake zote.

Kitabu kimefika kurasa mia tano na kumi na mbili. Rafiki yake yeyote akitoa kitabu, Mheshimiwa anakishika kwa vidole viwili, anapima unene, halafu ananitazama mimi.

Nilimwomba siku tano tu, nije nimwone dada nirudi. Alicheka mpaka meno mapya yakasogea. "Katibu haondoki katikati ya sentensi." Geti lina ufunguo mmoja na hauko kwangu. Askari mmoja alisimama getini kuomba maji, nikamnong'oneza habari ya pasipoti. Alinisikiliza vizuri kabisa. Kisha akamwona Mheshimiwa dirishani, akapiga saluti.

Lakini msijali. Mimi nimeona mengi. Weka Agosti.

Mjomba.


28 Juni

Shikamoo Mjomba,

Leo sina salamu ndefu. Nimezipanga barua zako zote juu ya meza ya pasi. Mkunga, kurasa hamsini na nane. Mwanariadha, arobaini. Nakusifia kitabu, wewe unamsifia yeye, yeye anarefusha chake. Mjomba, ni mimi ninayekufungia geti!

Wenzangu niliwaambia yote. Waliacha kazi wakanizunguka kana kwamba mimi ndiye kitabu. Wakasema nisikuandikie tena tunachosoma. Mama Vifungo akawakatiza: "Hapana. Mpelekee chembamba."

Nacho tunacho. Ni kitabu cha mchimba makaburi, kurasa themanini na nane tu, picha hakuna. Amesimulia maisha yake yote kana kwamba ana gari la kuwahi, na ameishia kwenye tendo moja: adui yake alipokufa, akaenda akamchimbia kaburi zuri kuliko yote aliyowahi kuchimba, akarudi nyumbani. Mwisho. Msimamizi mwenyewe alilia, akasingizia vumbi la vitambaa. Kisifie hicho. Mwambie wakubwa wa kweli huandika vyembamba na huishia kwenye tendo moja jema. Wewe unajua kushawishi, umetushawishi sisi miaka yote.

Mama sasa ananijua kwa hatua zangu. Uso wangu, anasema, ni kama umepigwa picha huku natikisika.

Mpwa wako.


16 Agosti

Mpwa wangu,

Salamu kwako, kwa dada na kwa Mama Vifungo, ambaye angekuwa waziri kama dunia ingekuwa na akili. Mpango wenu ulifanya kazi. Nakusimulia ulivyofanya kazi.

Nilimsomea mchimba makaburi kwa siku moja. Alipofumba macho sikujua kama amelala au amekufa. Kisha akasema, "Mfupi huyu. Lakini ananikaa hapa," akashika kifua. Nikamwambia, "Wadogo ndio wanaohitaji kurasa nyingi, Mheshimiwa." Kesho yake tukaanza kukata. Tumekata mikutano, hotuba, safari, wajukuu. Mafuriko alikataa kuyakata. Mwambie dada nimejaribu kumteremsha, ameng'ang'ania.

Ikabaki sura ya mwisho. Nikaiandika mwenyewe, siku mbili, na sijawahi kuandika vizuri namna ile. Nikamsomea: "Siku kitabu hiki kilipokwisha nilifungua kabati la chuma. Nikamkabidhi katibu wangu pasipoti yake, nikamwambia: nenda, dada yako akuone."

Machozi yakamtoka. Ya kweli, nilimfuta mimi.

"Nilifanya hivyo?"

"Umefanya, Mheshimiwa. Ukurasa wa mia mbili na tatu."

"Nina moyo mzuri."

"Sana, Mheshimiwa."

"Watu watalipenda hilo." Akaomba chai.

Nikaleta chai. Nikasimama. Nikasema, "Na kabati, Mheshimiwa?"

Akanitazama kama nimesema lugha ya ng'ambo. "Kabati gani tena? Si tumeshaliandika?"

Nikaeleza. Akasema yatafanyika siku ya uzinduzi, mbele ya wageni, na uzinduzi utafuata baada ya mapitio, na mapitio tunaanza ukurasa wa kwanza.

Sina utani leo. Nimeutafuta, haupo.

Mjomba.


20 Septemba

Shikamoo Mjomba,

Hatujambo kwa kiasi. Mama anaona kivuli cha mkono ukipita dirishani, basi. Karakana hatusomi kitu. Kila asubuhi wanauliza kama umetoka, nikisema bado, wanakanyaga mashine.

Barua yako nilimsomea yote, na ile ya mgahawa pia. Alisema meza tatu zinatosha, alikuwa anajiuliza ishirini nani angezifuta.

Nina swali ambalo mama hathubutu kuliuliza. Miaka kumi na moja umeondoka. Mitatu na nusu ndiyo uko kwa Mheshimiwa. Ile mingine pasipoti ilikuwa mfukoni mwako. Kama kabati lingefunguliwa kesho asubuhi, ungekuja?

Mpwa wako.


25 Oktoba

Mpwa wangu,

Barua yako nilikaa nayo. Si kosa la dereva safari hii.

Kwanza habari. Nimeweka kalamu chini. Nilimwambia Mheshimiwa, "Mapitio siandiki, hata nukta, mpaka kabati lifunguke." Akasema ataita wasomi. Wakaja wawili, hawaelewi mwandiko wangu uliojaa mistari ya kukata na mishale pembeni. Ule mwandiko wa kulala, mpwa wangu, ni mimi tu ninayeujua unakoelekea. Kwa hiyo amenishika na mimi nimemshika. Hii ni wiki ya tatu. Namwogesha bado, kwa sababu ni mzee na ngozi yake haijanikosea kitu. Maji tu ndiyo yanasema. Jana alifika mpaka mlangoni mwa chumba chenye kabati, akasimama, akarudi. Sijui. Simwahidi mtu mwezi wowote tena.

Sasa swali lako. Nisingekuja. Nilikuwa nangoja kwanza niwe yule mtu niliyekuwa nawaandikia. Kila barua nilimwongezea kitu, mgahawa, cheo, marafiki, na kila nilichomwongezea kilinibidi nikitafute kabla sijapanda basi la kurudi. Mheshimiwa anarefusha kitabu chake ili asikimalize. Mimi nilianza kabla yake.

Dada alitaka kuniona na mimi sijafika. Basi msomee hiki, polepole, ukurasa huu tu.

Nywele zimeondoka mbele. Zilizobaki zimekaa pembeni kama watu waliochelewa mkutanoni. Ndevu zimeota nyeupe upande wa kushoto, kulia bado nyeusi, kinyozi wa Mheshimiwa anadhani namfanyia makusudi. Meno mawili ya chini mbele hayapo. Yale makubwa ya juu aliyokuwa anayacheka yapo, hayana mpango wa kuondoka. Miwani mkono mmoja umefungwa waya. Chini ya macho kuna vifuko, cha kulia kikubwa zaidi. Mashavu yameingia ndani, nikijitazama kwenye kijiko namwona baba, ile miaka yake ya mwisho. Shingo imekuwa nyembamba, kola inazunguka yenyewe. Kidole cha kati kimeota gamba la kalamu. Nimepungua kimo pia, nadhani, au milango hapa ni mirefu. Nikicheka jicho la kushoto linajifumba, hilo halijabadilika.

Hapo sijaongeza kitu. Labda nimepunguza uzuri kidogo ili asishtuke.

Mdogo wake.


19 Novemba

Shikamoo Mjomba,

Mimi sijambo. Jicho la kulia lilizimika Jumanne asubuhi mama akiwa anakunja nguo. Alizimaliza kuzikunja. Barua yako ilifika Alhamisi.

Nilimsomea ule ukurasa mara tatu. Ya kwanza alisogeza kiti karibu. Ya pili aliniomba nirudie palipo na meno. Ya tatu aliinua mikono yote miwili, akaiweka hewani mbele yake, akawa anapapasa taratibu, kila nilipotaja kitu anakipa mahali pake: paji, miwani, vifuko, mashavu ya babu. Nilipofika kwenye shingo nikasimama, kwa sababu mikono yake ilikuwa bado haijamaliza na mashavu.

Kisha akaishusha mapajani. "Kazeeka vibaya," akasema.

Nikamwuliza, "Niandike hivyo?"

"Andika. Halafu mwambie aje hivyohivyo."

Mpwa wako.